Laptopu za ofisi zilizotumika: ipi ununue, na kufuli ambalo muuzaji hakutajii

Malalamiko ya walionunua laptopu zilizotumika yanafanana mno. Mtu kanunua mashine safi Kariakoo au kwa muuzaji wa Instagram, kaitumia miezi kadhaa bila shida, halafu imekuwa nzito, kaipeleka kwa fundi ifomatiwe. Fundi kafuta, kaweka Windows upya, kaunganisha intaneti. Badala ya maswali ya kawaida, kioo kinaleta jina la kampuni ya bima ya huko Uingereza na kisanduku kinachotaka barua pepe ya kazini. Hapo hapapitiki. Fundi ndiye anayelaumiwa, na hana kosa lolote. Kufuli lilikuwepo tangu siku ya kununua.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na RAM wala ukubwa wa diski. Hayo kila mnunuzi anauliza, na yakipungua yanaongezeka. Kufuli haliongezwi wala halipunguzwi. Laptopu yenye kufuli ni sawa na gari ambalo kadi yake ina jina la mtu mwingine: unaliendesha, lakini si lako.

Makufuli ni matatu

ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP nyingi zinazouzwa hapa zilikuwa mali ya makampuni, benki na shule za nje. Zikichakaa kidogo zinauzwa kwa jumla, nyingine zinapitia Dubai ndipo zifike Dar. Mwenye mali anapaswa kuzifungua kabla ya kuziachia. Wengi wanafuta diski tu, basi.

Kufuli la kwanza ni nywila ya BIOS, ile programu ya msingi ya bodi inayoamka kabla ya Windows. Mashine inawaka na Windows inafanya kazi, lakini mipangilio ya ndani huigusi. Ukitaka kuwasha kwa flashi uweke Linux (mfumo mbadala wa Windows), au kuwasha TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, unakwama. Kuangalia ni kazi ya dakika moja. Zima mashine kabisa, washa, kisha kwenye Dell gonga F2, kwenye HP gonga F10, kwenye ThinkPad gonga Enter halafu F1. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, irudishe mezani. Ikikuruhusu kuingia, usiridhike bado. ThinkPad inaweza kukuingiza ukigonga Enter tu penye nywila, ukaona kila kitu na usiweze kubadilisha chochote. Ingia Security usome mstari wa Supervisor Password. Unatakiwa ukute Disabled. Kwenye Dell, Admin Password iwe haijawekwa. Kwenye HP, mstari usome Create BIOS Administrator Password. Ukisoma Change, ujue ipo. Kisha badilisha kitu kidogo, mfano mpangilio wa kuwaka, uhifadhi, uone kama kimekubali.

Kwa ThinkPad jambo hili ni zito kuliko kwa wengine. Lenovo wenyewe wanasema Supervisor Password ikisahaulika, dawa ni kubadilisha bodi. Mafundi wa kusoma na kuandika chipu wapo mjini, na wengine wanafanikiwa, lakini hiyo ni gharama juu ya gharama na bodi inaweza isiamke tena. Usikubali maneno ya "utaitoa kwa fundi, ni kitu kidogo". Kama ni kidogo, aitoe yeye kabla hujalipa.

Kufuli la pili ni Absolute, zamani likiitwa Computrace. Limo ndani ya BIOS yenyewe, kwa hiyo kufomati hakuliondoi, na diski mpya haiondoi pia. Likiwa limewashwa, linairudisha programu yake ndani ya Windows na kumpa mwenye mali wa zamani uwezo wa kuigandisha mashine akiwa mbali. Litafute humo humo kwenye Security. Kuwepo kwa jina si tatizo, maana mashine nyingi hutoka nalo kiwandani. Tatizo ni hali yake ikisomeka Activated au Active.

La tatu ndilo linaloliza watu wengi: Autopilot ya Microsoft. Kampuni inasajili alama ya vifaa vya mashine kwenye seva za Microsoft. Usajili hauko ndani ya laptopu, ndiyo maana kubadilisha diski hakusaidii. Kila Windows Pro (toleo la kazini) ikiwekwa upya na kupata intaneti wakati wa kuandaliwa, inauliza seva, na seva inaleta ukurasa wa kampuni. Kwa kawaida mwenye uwezo wa kufuta usajili ni kampuni iliyousajili, ambayo hata hujui uanzie wapi kuitafuta.

Muuzaji anayelijua hili anaweka Windows bila intaneti, anatengeneza akaunti ya ndani ya jina "User" au "Admin", na mashine inatembea vizuri mpaka siku ya kufomati. Ujanja wa pili ni kuweka Windows Home, toleo la nyumbani, kwa sababu Autopilot haifanyi kazi kwenye Home. Bonyeza Windows na R, andika winver, soma. Latitude au ThinkPad ya ofisi kwa kawaida huja na leseni ya Pro. Ukikuta Home, muulize muuzaji kwa nini, na usikubali kicheko kama jibu.

Kipimo chake, kwa mashine yenye Pro, hiki hapa. Bonyeza Windows na R, andika sysprep, folda itafunguka. Fungua programu ya sysprep, chagua Enter System Out-of-Box Experience, kiboksi cha Generalize kiache wazi, chini chagua Reboot, kisha OK. Mashine itazima na kuwaka kana kwamba imetoka kwenye boksi. Iunganishe na hotspoti ya simu yako. Ikikuuliza kama ni ya matumizi binafsi au ya kazini, iko huru. Ikileta jina la kampuni, shukuru na uondoke. Kipimo cha uhakika zaidi ni Reset this PC yenyewe, lakini kinaweza kula saa nzima au zaidi, na ni wauzaji wachache watakaokuvumilia.

MacBook zina kufuli lao. Zile zenye chipu ya T2, zilizoanza kusambaa 2018, na zote za M1 kwenda juu, zinaweza kufungwa na akaunti ya mwenyewe wa kwanza au na mwajiri wake. Ifutwe mbele yako, iunganishwe na Wi-Fi, ifike mpaka uone eneokazi. Bila hivyo usitoe hela.

Sasa, ipi

Nianze na mpaka: prosesa ya Intel iwe kizazi cha 8 kwenda juu. Microsoft walisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi Intel kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache mno za kizazi cha 7. Kizazi kinasomwa kwenye tarakimu baada ya kistari: i5-8250U ni cha 8, i5-6300U ni cha 6. Kuna wanaoilazimisha Windows 11 kwenye kizazi cha 6 na inaingia, ila hiyo haijafanya mashine ikubalike.

1. Lenovo ThinkPad T480. Naipenda na sifichi. Ina sloti mbili za RAM ya DDR4, kwa hiyo ukinunua na GB 8 unaongeza hadi 32. Ina betri mbili: moja ndani ya Wh 24 (Wh ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba), nyingine ya nje inayochomoka kwa vidole, ya Wh 24 au ya Wh 72. Umeme ukikatika na ya nje ikiisha, unaichomoa na kupachika nyingine bila kuzima, almuradi ile ya ndani ina chaji. Kibodi ina njia za kupitisha maji yakimwagika, na Lenovo wameuachia umma kitabu cha matengenezo chenye kila skrubu, kwa hiyo fundi habahatishi.

Ina ubovu wake, nao uujue. Firmware (programu ya ndani ya kifaa) ya Thunderbolt, teknolojia ya tundu la USB-C, ya ThinkPad za miaka hiyo ilikuwa na kosa linaloua tundu la USB-C taratibu: kwanza linakataa kuonyesha picha kwenye skrini ya nje, kisha linakataa kuchaji. Lenovo walitoa sasisho. Liweke siku hiyo hiyo unayofika nyumbani. Dukani, chomeka chaja kwenye matundu yote mawili ya USB-C, itikise kidogo, uone kama taa inayumba. Tundu hilo limechomelewa kwenye bodi, na likilegea ni kazi ya fundi mzuri. Pia T480 nyingi zina kioo cha 1366 kwa 768, hafifu kwa kusomea. Tafuta ya 1920 kwa 1080.

T480s ni nyembamba na nzuri machoni, lakini sehemu ya RAM yake imechomelewa, sloti ni moja, na betri ya nje haina. Mimi ningebaki na T480.

2. Dell Latitude 7490. Sloti mbili za RAM, inachaji kwa pini ya duara ya Dell au kwa USB-C. Faida yake kubwa ni Service Tag iliyobandikwa chini: iandike kwenye tovuti ya msaada ya Dell uone mashine ilisafirishwa lini. Muuzaji akikwambia "ina mwaka mmoja", unamwonyesha.

Angalia mambo mawili. Betri huvimba. Iweke juu ya meza iliyonyooka. Ikitikisika, au tachipedi ikiwa imeinuka na kubonyea kwa shida, betri imeanza kufura na isichajiwe tena. La pili ni chaja. Pini ya duara ya Dell ina waya mwembamba katikati unaoitambulisha chaja. Chaja ya kuiga isiyotambulika inaleta ujumbe wa AC adapter wakati wa kuwaka, betri haichaji, na prosesa inashushwa kasi. Watu wanauza laptopu "nzito" kwa hasara, kumbe shida ni chaja.

3. HP EliteBook 840 G5. Bodi imara, sloti mbili, umbo la alumini linalopendeza. Ninayoiogopa ni ile yenye kioo cha Sure View, kilichotengenezwa ili jirani asione unachosoma. Hata ukikizima, kinabaki hafifu na rangi zinafifia ukisogea pembeni. Alama yake ipo kwenye kitufe cha F2. Ukiiona, shusha bei au tafuta nyingine.

4. ThinkPad T490s na X1 Carbon. Nyepesi na nzuri, ila RAM yote imechomelewa. Bila GB 16 usinunue.

5. EliteBook 840 G3, ThinkPad T460 na wenzao wa kizazi cha 6. Kama utaweka Linux na bei imeshuka kweli. Vinginevyo hapana.

6. Laptopu mpya za bei ndogo zenye Celeron, RAM GB 4 na diski ya eMMC, ile ndogo ya bei rahisi, ya GB 64. Masasisho ya Windows peke yake yanaijaza. Usinunue.

Kwa yoyote utakayochagua, pima betri: fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, fungua faili litakalotajwa. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ikiwa iliyobaki haifiki theluthi mbili, bei ya betri mpya itoke kwenye bei ya mashine.

Wauzaji

Tangazo linaandikwa "Core i7, SSD, safi kama mpya, bei njoo inbox". Kizazi hakitajwi. Hiyo i7 mara nyingi ni i7-6600U yenye kori mbili, na inauzwa ghali kuliko i5-8250U yenye kori nne, kwa sababu tu saba ni kubwa kuliko tano. Mzazi anayemnunulia mwanawe wa chuo anadhani kapata kilicho bora. Huu ni wizi wa taarifa. Na bei ya inbox inategemea ulivyojieleza: ukisema ni ya ofisi inapanda, ukisema una haraka inapanda tena. Bidhaa iliyo mezani iwe na bei juu yake.

Ukikubaliana bei, linakuja swali la "na risiti au bila?" Risiti ya EFD ni wajibu wa muuzaji kisheria, wala si huduma ya ziada ya kuongezewa hela. Tena ni wewe unayehitaji karatasi hiyo zaidi, kwa sababu "warranti" ya mdomo ya wiki moja haifiki hata siku ya kufomati, na ukitaka kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani utaulizwa ushahidi.

Omba risiti ibebe modeli na namba ya utambulisho (serial number) ya mashine, ile iliyobandikwa chini, na uhakikishe inafanana na iliyo ndani ya BIOS. Zikitofautiana, bodi au kifuniko kimebadilishwa. Kisha kwenye karatasi ya duka yenye mhuri, muuzaji aandike kwa mkono: "Haina nywila ya BIOS, haijasajiliwa Autopilot, Absolute haijawashwa. Ikionekana ndani ya siku 90, fedha zitarudishwa." Aweke sahihi na tarehe. Piga picha karatasi zote mbili hapo hapo, maana wino wa risiti ya EFD hufutika.