Pedi ya Jeki: Chagua Mfereji Kabla ya Kuchagua Mpira

Ukijiinamisha kando ya gari dogo kama Toyota IST au Vitz na kuchungulia chini ya milango, utaona ukingo mwembamba wa bati unaoning'inia kama upindo wa shuka. Nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, na vivyo hivyo mbele ya gurudumu la nyuma, ukingo huo una vipengo viwili vilivyokatwa karibu karibu, na kati ya vipengo hivyo ndipo kiwanda kilipoimarisha bodi ili jeki ikae. Jeki ya mkasi inayokuja na gari ina mfereji kichwani, hivyo ukingo huzama humo na kubaki wima. Jeki ya magurudumu, ambayo mafundi wa pancha huipenda kwa wepesi wake, ina sahani ya chuma yenye meno, na ukingo usiposhikwa pande zote mbili hulala upande mmoja, rangi hubanduka, na bati lililo wazi huanza kuliwa na kutu.

Niliwahi kumwachia fundi gari langu aliondoe pancha, na nilipoliosha wiki iliyofuata kidole changu kilipita juu ya vishimo vya meno ya sahani vilivyozama kwenye bati kama alama za kung'atwa, huku ukingo ukiwa umelala kuelekea ndani. Naishi pwani, ambako hewa ya chumvi haisubiri mtu, na kabla mvua za masika hazijaisha sehemu hiyo ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Tangu hapo nimetumia pedi za aina kadhaa, yaani vipande vinavyowekwa kati ya sahani ya jeki na ukingo wa gari, na nimeona kwamba wanunuzi wengi huuliza kwanza kuhusu ubora wa mpira, ilhali kinachookoa ukingo ni mfereji uliochongwa kwenye mpira huo.

Kielelezo cha mfereji unaofaa unacho tayari kwenye buti. Itoe jeki ya mkasi iliyokuja na gari, upime kwa rula upana na kina cha mfereji wake, kisha utafute pedi inayokaribiana na vipimo hivyo. Mfereji wenye kina kidogo kuliko inavyotakiwa huacha ukingo uchezecheze, na wenye kina kupita kiasi huhamishia uzito wote kwenye bati la pembeni, ambalo kwa magari mengine ni jepesi na hubonyea. Ukitaka uhakika, paka chaki ndani ya mfereji wa pedi na kwenye mabega yake, yaani sehemu za juu kando ya mfereji, inua gari kidogo tu mpaka tairi lianze kupungukiwa na uzito, kisha lishushe na uangalie chaki imefutika wapi. Fanya hivyo hivyo kwa jeki ya mkasi na ulinganishe. Jaribio hili huchukua dakika chache, nami naliamini kuliko maneno yoyote yaliyoandikwa kwenye pakiti.

Nafasi ya kwanza naipa pedi ya duara ya mpira mgumu au ya poliyurethani (plastiki inayonyumbuka kama mpira), yenye mfereji unaokatiza juu na kitako kinachoingia barabara ndani ya sahani ya jeki. Ibonyeze kwa ukucha: ikiacha shimo linalokawia kurudi, ni laini mno, na ikibeba gari itafunguka kama mdomo na kuuachia ukingo ulale. Iliyo bora huonyesha nyuzi za nailoni ukiitazama ubavuni, kwa kuwa nyuzi hizo huzuia mpira usipasuke kuanzia chini ya mfereji, mahali ambapo pedi nyingi huanza kufa. Kati ya mpira na poliyurethani, mimi huchagua poliyurethani kwa gereji, kwa sababu mpira wa asili ukikaa kwenye oili na dizeli huvimba na kulegea. Kwa mtu anayebadilisha tairi nyumbani mara chache kwa mwaka, mpira unatosha kabisa.

Pedi zilizotengenezwa kwa modeli maalumu nimeziweka nafasi ya pili kwa sababu moja tu, kwamba zinawafaa wachache. Mwenye BMW anapaswa kuziweka za kwanza, kwani magari mengi ya kampuni hiyo hayainuliwi kwa ukingo bali kwa vitako vya plastiki vyenye nafasi ya mstatili, na pedi yenye kichwa cha umbo hilo huingia humo bila kuteleza. Kwa Tesla jambo ni zito zaidi: betri imetandazwa chini ya sakafu, na jeki ikikosea mahali inaweza kuijeruhi. Pedi zake zina kijiti chenye pete ya mpira kinachonasa kwenye tundu la kuinulia, hivyo hazidondoki wakati jeki inasogezwa.

Nafasi ya tatu ni ya pedi ya kuchongesha kwa mafundi wa katambuga, vile viatu vya tairi. Wanalijua tairi kuliko muuza duka yeyote, na wakipewa vipimo hukata vipande, huvigandisha na kuvishona kwa ustadi. Waombe watumie tairi lenye nyuzi za nailoni, maana la nyaya za chuma likikatwa hubakiza ncha zinazochubua rangi ile ile unayotaka kuilinda.

Kipande cha mbao ngumu ni cha nne, na kinafaa ikiwa mfereji umekatwa kukingamana na nyuzi za mti. Ukikatwa kufuata nyuzi, ukingo wa gari unafanya kazi ya kabari na kukipasua kipande hicho vipande viwili gari likiwa hewani. Plaiwudi nene ni salama zaidi, kwa kuwa matabaka yake yamepishana. Sponji na matambara yaliyokunjwa siyapi nafasi yoyote, wala pedi zilizochapwa kwa printa ya 3D kwa plastiki ya PLA, ambayo huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi za Selsiasi, nalo buti la gari lililoachwa juani linaweza kuikaribia hali hiyo.

Wenye Hilux na Prado hawahitaji mfereji, kwa sababu magari hayo huinuliwa kwa chasisi au ekseli. Wao wanunue pedi bapa. Na kwa gari lolote, pedi haiigeuzi jeki kuwa stendi, yaani kile kiegemeo cha chuma kinachobeba gari lililoinuliwa: usiingize hata mkono chini kabla ya kulikalisha gari kwenye stendi.

Jambo la mwisho la kupima ni unene. Jeki nyingi ndogo za magurudumu zikiwa chini kabisa zina kimo cha milimita 130 hivi, na pedi ya milimita 30 huzifikisha 160. Pima nafasi iliyopo chini ya ukingo baada ya kutoa upepo kwenye tairi la upande huo, kwa sababu gari lenye pancha hushuka, na pedi iliyoingia vizuri tairi likiwa limejaa inaweza kugoma siku unapoihitaji. Ukienda Kariakoo jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi kununua, beba kipimo hicho pamoja na jeki ya mkasi, na umwombe muuzaji akuruhusu kuweka mifereji hiyo miwili ubavu kwa ubavu juu ya kaunta.