Mpira mpya wa miaka kumi: yaliyonikuta na trela la boti

Duka sitalitaja. Ila kijana aliyeniuzia mipira hii ya magurudumu akisoma hapa atajijua kwa neno lake moja: kalenda.

Mie na shemeji yangu tuna boti ya faiba, futi ishirini na mbili, mashine mbili. Kusi likikaza tunaipandisha juu, inakaa uani Bububu, hapa Unguja, kwenye trela. Kaskazi likianza kuingia tunaivuta mpaka Matemwe, tunaishusha kwa ajili ya uvuvi na wageni wa kisiwa cha Mnemba. Trela letu lina ekseli moja na magurudumu mawili, kwa hivyo mpira mmoja ukifa hakuna wa kuusaidia. Mwaka jana ile ya zamani ilikuwa imeshakuwa vipara, nikaenda mjini kutafuta jozi mpya.

Nikatolewa mipira miwili inang'aa kama viatu vya sikukuu. Vile vinywele vya mpira bado vimesimama ubavuni, kashata za kukanyagia hazijaguswa. Nikamwambia kijana kabisa: nataka ya trela la boti, boti yenyewe futi kadhaa, mashine mbili. Akasema, "Mpira ni mpira tu." Nikauliza hii ya mwaka gani. Macho hakuyatoa kwenye simu. "Ami, kwani unanunua mpira au unanunua kalenda?"

Wenzake wawili waliokaa juu ya kreti za soda wakacheka. Mtu mzima nimesimama, ndevu zimeshaingia mvi, pesa ninazo mkononi, nachekwa kwa kuuliza swali la haki! Ningeondoka pale pale, lakini maji ya bamvua yalikuwa siku mbili mbele na shemeji anapiga simu kila saa. Nikainama nikasoma mwenyewe. Herufi za DOT, zile zinazoanzia namba ya kiwandani ubavuni, nikaziona, maandishi yakaendelea kidogo, yakakatika. Tarakimu nne za mwisho hazipo. Nikamwonyesha. "Si kila kampuni inaandika," akanijibu, akaifunga kwenye ringi zangu, nikalipa.

Sasa sikilizeni. Tarakimu zile nne ndiyo tarehe ya kuzaliwa ya mpira: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Na mipira mingi inaandikwa upande mmoja tu. Upande wa pili unakuta herufi bila ya tarehe. Mie hili nilikuja kulijua nimepiga magoti kwenye changarawe, kando ya barabara.

Tulipita Mahonda salama, jua limeshapanda. Tumeiacha Kinyasini nyuma kidogo, nikasikia mlio kama wa bunduki na gari ikavutwa kushoto. Mpwa wangu alikuwa nyuma ya pikapu akiichunga boti, akapiga kelele, "Inalala! Inalala!" Shemeji ndiye aliyeshika usukani, na Mungu amzidishie, hakukanyaga breki. Aliachia mafuta tu, trela likaburura mpaka likasimama lenyewe. Kamba mbili zilishika, ya tatu ilikatika. Ringi ya kushoto ilikuwa imesagwa na lami, ukingo umekunjika kama mfuniko wa kopo. Propela moja imepinda ubawa. Tungekuwa tunapishana na daladala wakati ule, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Tulimpata mziba pancha mmoja, mzee wa makamo, akaja na mtoto wake na jeki imefungwa nyuma ya baskeli. Hakuuliza mengi. Aliokota kipande cha ubavu akakikunja mbele ya macho yangu, na penye mkunjo zikafunguka nyufa nyembamba nyingi, kama chungu kilichosahauliwa motoni. Rangi ile yote ya kung'aa ilikuwa juu tu. "Huu haukupasuka leo, bwana," akasema. "Huu ulikufa dukani." Kisha akaugeuza ule upande uliokuwa ndani, akaufuta kwa kitambaa chenye petroli, akanionyesha kwa kidole: 3514. Wiki ya 35, mwaka 2014. Karibu miaka kumi! Nikalala chini kuchungulia ule wa kulia. Tarehe ile ile, nao umegeuzwa uso ndani. Mmoja ningesema bahati mbaya. Miwili?

Nisiwe dhalimu. Kosa jengine lilikuwa letu. Mipira ile ilikuwa ya gari ndogo, 185/70R14, na namba yake ya uzito ni 88, maana yake kilo 560 kwa mpira mmoja ukiwa umejaa upepo sawasawa. Miwili ni kilo 1,120. Tulipokaa na kalamu tukahesabu boti, trela, mashine, mafuta, nanga na vikorokoro vyote, tulivuka 1,300. Namba hiyo iko ubavuni, haijafichwa, na mie sikuisoma. Hata ungekuwa mpya wa kweli, tulikuwa tunauonea. Lakini hapo hapo nakumbuka kwamba nilimwambia! Nilimtajia boti, nikamtajia mashine, na kazi yake ni kuuza mipira, si yangu. Ile "mpira ni mpira tu" ndiyo iliyonipeleka njiani na mtoto wa dada yangu nyuma ya pikapu.

Yule fundi wa Kinyasini ndiye aliyetufikisha. Alikuwa na miwili iliyotumika, 185R14C. Hiyo C ni ya gari za mzigo, ubavu wake mgumu, na ukiuona umeandikwa 102/100 basi unabeba kilo 850 ukifungwa mmoja mmoja kila upande. Tarehe alinisomea kabla sijauliza. Ni minene zaidi, ikabidi tuyainue madigadi kidogo isisugue. Alipoufungua upande wa kulia akashika habu, kile kitovu cha gurudumu, akatoa mkono haraka, lilikuwa la moto. Akalifungua. Grisi ndani nyeupe, nyepesi, kama tui la nazi. Maji ya bahari yameshaingia.

Akatueleza sababu, na hili mwenye trela yeyote alishike: ukitoka safari ndefu habu lina moto, ukilitumbukiza baharini pale pale hewa iliyo ndani inasinyaa ghafla na kuvuta maji ya chumvi kupitia sili. Beringi zinaoza huku mpira unauona mzima. Sisi miaka yote tukifika pwani tunashusha moja kwa moja kukimbilia maji yasipwe. Siku hizi tunaagiza kahawa kwanza, ndipo tunarudisha trela nyuma, na tukimaliza tunayamwagia magurudumu maji ya kisima mpaka ndani ya ringi. Upepo napima asubuhi kabla ya kuondoka, mpira ukiwa baridi, najaza kama ulivyoandikwa ubavuni. Msimu wa kusi trela linakaa juu ya mawe, mipira haigusi chini, nimeifunika magunia. Na ikifika miaka sita naitoa, hata iwe na kashata zote.

Nilirudi dukani na kile kipande mkononi. Kijana akaniangalia: "Boti yako nzito, ami." Sikupandisha sauti, nilikuwa natetemeka. Akatoka baba mtu kutoka ndani, akakichukua kipande, akasoma zile tarakimu, akanyamaza muda. Akanirejeshea bei ya mpira mmoja na kuniomba radhi mbele ya watu wote. Nilitoka pale moyo umelainika. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nawaambia watu duka lile si baya, mzee yule mwungwana, kijana ni ujana tu. Hata maandishi haya mwanzo niliyaandika kwa kulisifu.

Kisha siku hizi hizi nikapita. Mipira imepangwa nje juani, safu nzima, na kijana yule yule ana brashi na kopo la dawa ya kung'arisha, anaipaka mmoja mmoja. Yote imeelekezwa uso mmoja. Alikuwepo mteja pale, mvuvi wa Mkokotoni, mtu mzima mwenzangu, anatafuta ya trela, ameshatoa pesa. Nikaushika ule aliochagua nikaulaza chini, nikaugeuza. 1815.

Kijana akanambia niache vitu vya watu. Yule mvuvi akazirejesha pesa zake mfukoni, akaniuliza kwa yule fundi wangu wa Kinyasini anashuka wapi.