Vitabu vya kuchaguliwa kutoka Unguja: uzoefu wangu nikiwa Chake

Sisi wa Pemba tukitaka kitabu cha mtoto kisichokuwa cha skuli, kazi yake tunaijua. Maduka niliyoyazoea hapa Chake Chake yamejaa madaftari, vitabu vya kiada na juzuu za Kurani za chuoni, basi. Hadithi ukizikuta ni zile zile za miaka yote, jalada limekwisha kufifia kwa jua. Ndiyo maana nikaanza kuagiza kwa mama mmoja mwenye duka la vitabu Unguja, pande za Darajani. Unamwandikia kwa WhatsApp, anakuchagulia, unalipa kwa simu, mzigo unapanda boti mpaka Mkoani. Jina la duka silitaji, maana nina la kulalamikia humu na sitaki kumharibia mtu riziki yake.

Kilichonivuta ni namna anavyouliza. Nilimwambia nataka vitabu vya mtoto wa darasa la pili, akanirudishia sauti: "Mama Salma, darasa liache. Nambie sasa hivi anasoma nini, na akifika wapi anakwama." Kisha akanielekeza nimsomeshe mtoto ukurasa mmoja wa kitabu chochote, kila neno linalomshinda akunje kidole. Vidole vitano vikimalizika na ukurasa bado, kitabu kizito, asomewe na mkubwa. Kama hakukunja hata kimoja, hicho ni cha kujisomea mwenyewe kwa raha zake. Hata walimu wanaitumia njia hii, lakini muuza duka wa kunieleza ni huyu tu.

Mzigo ulipofika nikaona kweli kachagua. Hadithi za Salma zilikuwa na sentensi fupi na maandishi makubwa, na picha zinaeleza jambo ambalo maneno hayakulisema. Kuna ukurasa mtoto wa kwenye hadithi anamwambia mamaake ameshakula, na nyuma yake kwenye picha paka anamalizia samaki chini ya meza. Salma aliliona hilo kabla yangu, akacheka mpaka mdogo wake aliyeko maandalizi akaja kutazama kuna nini. Kitabu cha namna hiyo unanunua bila ya kuuliza bei mara mbili.

Viwili sikuvipenda. Ni vile vinavyofunga kila hadithi kwa "tunajifunza kwamba", kama mtoto hajatoka skuli bado. Salma akifika hapo hufunga kitabu mwenyewe. Na picha nyingi ni za simba, twiga na mlima wenye theluji. Sawa, watoto wanawapenda simba, lakini huyu wangu anayemjua ni popo, yule mkubwa wa Pemba asiyepatikana kisiwa chengine duniani, na karafuu anazichambua na bibi yake kila msimu, makonyo huku, karafuu huku. Nilimuuliza mama wa duka kama ana hadithi ya popo au ya karafuu. Akasema hana, na hakunibabaisha kwa kunisukumia kitu chengine. Hilo nimempa alama.

Upande wa wazazi alitia viwili. Kimoja ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari wetu aliyepata Nobel mwaka 2021, iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Ndani ya jalada alikuwa ameandika kwa penseli: "Cha mama, si cha Salma." Kweli si cha mtoto, ingawa kinaanza na mtoto, Yusuf, anayechukuliwa na tajiri kwa deni la babaake. Nilikisoma usiku baada ya Isha, na baba Salma akaanza kukivizia nikilala.

Cha pili kilikuwa cha malezi, na hapo mama wa duka kateleza. Tafsiri ya mbali, inamfundisha mzazi namna ya kumzoeza mtoto kulala peke yake chumbani kwake. Chumba kipi? Kwetu watoto wanalala na bibi yao, na bibi ndiye mwenye hadithi. Nimekigawa.

Sasa malalamiko. Boksi lilifungwa kwa gazeti na selotepu tu, bila ya nailoni. Upande mmoja ulirowa njiani, kurasa zikavimba na kupinda. Nilimpelekea picha, mwanzo akasema ni watu wa bandarini, baadaye akanipunguzia kwenye oda iliyofuata. Pia angalieni namna vitabu vyenyewe vilivyofungwa kurasa zake. Vilivyotiwa gundi tupu vimeanza kuachia majani mikononi mwa mdogo wake Salma, vyenye pini za chuma katikati bado vizima.

Bei si ya chini ukishaongeza nauli ya mzigo. Asiyeweza, kuna African Storybook, hadithi za bure mtandaoni na za Kiswahili zimo tele, zimepangwa kwa viwango na unaruhusiwa kuzichapa. Nilizitumia sana kabla. Ila kuchapa kwa rangi steshenari nako kunakula pesa, na kwenye simu mtoto akisoma kurasa mbili tatu utamkuta ameshahamia katuni.

Nampa nyota nne kati ya tano. Karafuu zikianza kuuzwa nitaagiza tena, lakini safari hii ninamwambia mapema: vitabu vya malezi anitolee, na nailoni niko tayari kuilipia mwenyewe.