Programu ya visawe vya Kiingereza cha kitaaluma: humfaa msomaji, humponza mwandishi

Nimeitumia programu hii ya simu kwa miezi minne, robo saa kila asubuhi, wakati nikiandaa tasnifu yangu kwa Kiingereza, lugha ambayo naisoma bila taabu lakini nikishika kalamu kuiandika najikuta nikirudia maneno yale yale, kama mtu mwenye shati moja la kutokea. Ahadi yake ni kwamba kila neno la kitaaluma likifundishwa pamoja na visawe vyake vitatu au vinne, msamiati wa mtumiaji utapanuka haraka kuliko kwa kukariri neno mojamoja. Jina lake nimeamua kuliacha, kwa kuwa kasoro nitakayoieleza inaonekana pia katika programu nyingine za aina hii nilizozijaribu.

Kuhusu uteuzi wa maneno, sina lalamiko. Msingi wake ni orodha aliyoichapisha Averil Coxhead, mtafiti wa lugha wa New Zealand, mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno, yaani kila neno pamoja na yale yanayotokana nalo. Alizichuja kutoka katika mkusanyiko wa maandishi ya kitaaluma wenye maneno yapatayo milioni 3.5, baada ya kuyaweka kando yale 2,000 ya kawaida ambayo mwanafunzi anatarajiwa kuwa anayajua. Familia hizo zilichukua takriban asilimia 10 ya mkusanyiko mzima, na zimepangwa katika mafungu kumi, yanayotumika zaidi yakitangulia. Programu imeuheshimu mpangilio huo, kwa hiyo mtu hukutana mapema na “analyse”, “assess” na “concept”, maneno ambayo hata akiacha baada ya wiki mbili atakuwa amepata kitu cha kumsaidia katika makala yoyote atakayoifungua.

Mfumo wa marudio nao umetengenezwa kwa akili. Kadi uliyoijibu vizuri hurudi kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, na kila ikirudi unatakiwa kulikumbuka neno mwenyewe badala ya kulichagua kati ya manne yaliyoorodheshwa. Ukikosea, inaanza safari upya. Mwanzoni inakera, hasa kwa neno ambalo ungeapa kwamba unalijua, lakini ndiyo sababu hadi leo nayakumbuka maneno ya mwezi wa kwanza. Nilivutiwa pia na safu ndogo inayoonyesha asili ya kila neno, kwani inaeleza kwa nini Kiingereza kina jozi nyingi kama “begin” na “commence”: la kwanza ni la Waingereza wenyewe tangu kale, la pili liliingia kwa njia ya Kifaransa, lugha iliyotamalaki katika utawala baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066.

Tatizo liko kwenye neno lenyewe “kisawe”. Mtu aliyelelewa katika Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba kufa na kufariki vina maana moja, na bado hatasikika akisema mbuzi wake amefariki. Programu hii haina nafasi ya kuonyesha tofauti ya namna hiyo. Kadi ya “show”, kwa mfano, imeyaweka “suggest”, “indicate”, “demonstrate” na “prove” katika kisanduku kimoja chenye alama ya usawa, ilhali katika maandishi ya kitaaluma maneno hayo ni ngazi: anayetumia “suggest” anasema ushahidi wake unaelekea upande fulani, na anayetumia “prove” anadai kwamba mjadala umefungwa. Mimi, kwa kuchoshwa na “show” iliyojaa katika sura yangu ya matokeo, nilizibadilisha tatu kuwa “prove” na kuipeleka sura kwa msimamizi nikiwa nimeridhika. Ilirudi neno hilo likiwa limezungushiwa wino mwekundu mara zote tatu, na pembeni pameandikwa: “Kwa madodoso arobaini?”

Baada ya aibu hiyo nilianza kuzikagua kadi kwa jicho kali. “Important” imepewa “significant” bila onyo lolote, ingawa katika utafiti wa takwimu neno hilo la pili lina maana yake mahsusi, kwamba matokeo hayaelekei kuwa ya bahati tu, na matokeo yanaweza kuwa “significant” kwa kipimo hicho huku yakiwa hayana uzito wowote katika maisha ya watu. “Consist” na “comprise” zimewekwa pamoja, lakini hakuna mahali panapoonyesha kwamba la kwanza huhitaji “of” baada yake na la pili, katika kauli ya kutenda, halihitaji. Yote haya yangetatuliwa na jambo moja dogo, yaani sentensi kamili chini ya kila kisawe, tena iliyotoka katika makala halisi. Programu ina nafasi ya picha za nyota na pongezi kila baada ya kadi kumi, lakini nafasi ya sentensi imekosekana.

Sauti za matamshi ni safi, na masomo yanapatikana bila intaneti.

Kwa anayejiandaa kusoma vitabu na makala kwa Kiingereza, ningempa programu hii bila kusita, kwa sababu msomaji akikutana na neno, sentensi iliyolizunguka humsaidia kulipima. Kwa mwandishi ningeweka sharti la daftari. Langu lina kurasa mbili kwa kila kadi: neno halipati mstari humo mpaka nilikute mahali likitumika, na nikilikuta nanakili sentensi nzima pamoja na kihusishi chake. Ukurasa wa “show” umeshajaa. Niliwaandikia pia watengenezaji kuhusu kadi hiyo, wakanijibu kwa adabu kwamba pendekezo limepokelewa. Toleo lililofuata lilikuja na rangi mpya za skrini, na “prove” bado imo katika kisanduku kile kile.