Ukuta wa majina ya polisi Washington DC: nendeni, na msiishie kupiga picha na simba

Naandika hii kwa Waswahili wenzangu mlioko Maryland na Virginia, nyie mnaopokea ndugu kutoka nyumbani mnawapeleka White House na kwa Lincoln halafu basi, mmerudi. Kuna sehemu inaitwa National Law Enforcement Officers Memorial, ipo Judiciary Square, ukishuka treni ya Red Line stesheni ya jina hilohilo ukatokea upande wa F Street unajikuta umo ndani kabisa, huhitaji hata kuuliza njia. Ni bure, mchana usiku. Ndiyo kumbukumbu ya polisi waliokufa kazini Marekani nzima, ilizinduliwa Oktoba 1991 na Rais Bush mzee.

Kuta ziko mbili, marumaru ya bluu-kijivu, zimepinda kufuata njia ya kutembelea, kila moja ina kama mita 93 hivi, na kilichochongwa pale ni majina tu. Siku ya uzinduzi yalikuwa 12,000 na ushee, leo yamepita 24,000 maana kila mwaka kabla ya Mei yanachongwa mapya. Hayajapangwa kwa alfabeti wala kwa mwaka, na vyeo hamna. Msaidizi wa sherifu wa enzi za farasi anaweza kukaa jirani na polisi wa New York aliyekufa Septemba 11, 2001, siku ambayo peke yake ilichukua maaskari 72. Bosi na konstebo wote sawa. Mimi hapo ndipo waliponimaliza, yaani aliyepanga hivi Mungu ambariki, maana huwezi kwenda pale ukatazama wakubwa tu ukaondoka.

Sasa kwa sababu ya mpangilio huo huwezi kuokota jina kwa kutembeatembea, lazima ulitafute kwenye orodha yao, ya pale au ya mtandaoni, inakupa namba ya paneli, na herufi E au W yaani ukuta wa mashariki au wa magharibi, na namba ya mstari. Fanya hiyo kazi nyumbani kabisa kwenye simu, ukifika unaenda moja kwa moja.

Mimi nilimfuata Jacob Chestnut. Nafanya kazi ya sekyuriti, nasimama mlangoni, na wengi wetu huku ndiyo kazi yetu kwahiyo mtanielewa. Chestnut alikuwa polisi wa Capitol, jengo la Bunge lao, mtu mzima wa miaka 58, kabla ya hapo alikuwa jeshini Air Force na Vietnam alifika. Tarehe 24 Julai 1998 yuko zake mlangoni kwenye mashine ya kukagulia watu, kuna mtalii kamuuliza njia na yeye akawa anamwandikia maelekezo kwenye karatasi, akaingia mtu na bastola akampiga risasi pale pale. Hakupata hata nafasi ya kugeuka. Yule mtu akakimbilia ndani akakutana na mpelelezi John Gibson, aliyekuwa analinda ofisi ya mbunge, wakarushiana risasi, Gibson akapigwa vibaya lakini na yeye akamjeruhi mpaka akadondoka, bila hivyo sijui wangekufa wangapi. Chestnut na Gibson wote wawili wakafa. Miili yao ikalazwa ndani ya Rotunda, ule ukumbi wa kuba katikati ya Capitol, watu wakapita kuaga, na Chestnut ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Bawabu jamani. Mzee wa mlangoni aliyekuwa anamwelekeza mgeni njia.

Ukilipata jina fanya wanachofanya wafiwa, weka karatasi nyepesi juu ya maandishi, ishike vizuri na mkono wa kushoto isiteleze, halafu laza penseli ubavu upitishe taratibu bila kukandamiza. Herufi zinatokea moja moja, nyeupe katikati ya weusi wa penseli, C, H, E, mpaka jina linatimia. Marumaru yenyewe ni ya baridi na ukipitisha kidole unasikia kingo za kila herufi. Majina ya chini inabidi upige magoti, na utakuta watu wamebandika picha, maua, beji, barua za watoto. Msizishike na msizipige picha kwa karibu, zile ni za wenyewe.

Kwenye miingilio kuna simba wa shaba wakubwa, dume na jike, wanalinda watoto wao, ndugu wengi wanaishia hapo na selfi. Soma maandishi yaliyo chini yao. Kuna moja la mama anaitwa Vivian Eney Cross, mume wake Christopher Eney alikuwa polisi wa Capitol pia akafa 1984 kwenye ajali ya mafunzo, anasema kwamba kilichowafanya hawa kuwa mashujaa ni jinsi walivyoishi, siyo jinsi walivyokufa. Na ndivyo ulivyo ukuta wenyewe, hawakufa wote kwa risasi, kuna wa ajali za barabarani, kuna waliodondoka kwa moyo wakiwa kazini, na 2020 na 2021 kilichoua wengi kuliko chochote kilikuwa Korona. Wote wamo.

Nikiwa pale nilikuwa nawaza vijana wetu 8 wa polisi waliouawa Kibiti, Tanzania, Aprili 2017, wanarudi zao kutoka lindo gari likavamiwa. Natamani sana watoto wao wawe na jiwe la kupitishia penseli namna hii.

Ng'ambo ya barabara, E Street, kuna makumbusho yao, National Law Enforcement Museum, ilifunguliwa 2018, karibu yote ipo chini ya ardhi na hii ni ya tiketi. Kama muda ni mdogo au familia ni kubwa na hela inabana, ukuta unatosha, msijisikie vibaya. Ila ukiingia usiikose helikopta ya polisi inayoitwa Eagle One, ndiyo ileile iliyoshuka juu ya mto Potomac Januari 1982 ndege ya Air Florida ilipogonga daraja ikazama kwenye barafu, polisi wawili wakawa wanawatupia kamba abiria walioshikilia mkia wa ndege, miguu ya helikopta mpaka inagusa maji. Watoto watapenda vile vya kubonyezabonyeza, mimi nawashauri muda mwingi muutumie Hall of Remembrance, chumba cha picha za walioongezwa ukutani karibuni, kule ukutani ni majina na hapa unaziona sura.

Nawapa nyota 5 na sibanii hata moja. Beba karatasi na penseli laini yako, gari acha nyumbani. Aprili maua ya njano yanajaa bustani nzima, ndiyo wakati mzuri kuliko wote. Katikati ya Mei ni wiki ya polisi, tarehe 13 jioni wanawasha mishumaa na majina mapya yanasomwa moja moja, wajane na watoto wanakuja kutoka kila jimbo, kwahiyo kama huna mtu wako pale ukutani nenda wiki ya kabla au ya baada uwaachie nafasi wenye msiba.