Nimeng'arisha meno Dar, na hakuna aliyeniuliza nilikulia wapi

Naanza na sifa za kliniki hii, maana wanazo. Mahali ni pasafi, vifaa wanavitoa kwenye pakiti mbele ya macho yako, na dada aliyenisafisha meno ana mkono mwepesi. Ukoga ulioganda nyuma ya meno ya mbele ya chini, pale karibu na mate yanapotokea chini ya ulimi, ambapo huganda haraka kuliko sehemu nyingi za kinywa, aliubandua wote bila kunichana ufizi. Kama ningelipa nikaondoka hapo, ningewapa nyota nne na kuwaelekeza ndugu zangu wote.

Sikuondoka. Nilikuwa nimelipia na kung'arisha.

Akaingia kijana mwingine, barakoa iko kidevuni. Akanifunua mdomo, akatazama meno ya mbele, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi la wanaosubiri, maana mlango ulikuwa wazi: "Dada yangu, mswaki huwa unapiga kweli? Au unavuta?" Mama mmoja pale nje akageuka kunitazama. Nikamwambia nimezaliwa Arumeru. Akajibu, "Hata kama, usafi ni usafi."

Hata kama! Mtu anafanya kazi ya meno Tanzania, anatajiwa Arumeru, na hakuna kengele inayolia kichwani mwake. Meno yangu ni ya kahawia. Ya kaka zangu ni ya kahawia, na ya wengi niliosoma nao shule ya msingi vilevile. Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na yanabeba madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwetu kuna vyanzo vinavyozidi kiwango hicho mara kadhaa. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kwa ajili ya tatizo hilohilo, wanachuja maji kwa mkaa wa mifupa. Na msituambie tuchemshe, kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki.

Jino la ukubwani linaanza kujengwa likiwa limezikwa ndani ya taya, mtoto akiwa bado ananyonya. Seli zinazotengeneza enameli, lile gamba la nje ambalo ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, zinafanya kazi hukohuko chini ya ufizi. Floraidi ikizidi katika miaka hiyo, enameli haikomai sawasawa, inabaki na vitundu vidogo vidogo chini ya uso wake. Meno ya mbele yanapochomoza, kwenye miaka 6 hadi 8, seli zile zimeshakwisha, na enameli haijengwi mara ya pili. Jino linatoka na mabaka meupe kama chaki, halafu vitundu vile vinanyonya rangi mwaka hadi mwaka mpaka kahawia inaingia ndani ya gamba lenyewe. Mswaki utaifikiaje?

Mama yangu ni mtu wa Tanga. Aliolewa Arumeru akiwa mtu mzima, amekunywa maji yetu miaka yote ya ndoa yake, tumetumia dawa ya meno ileile nyumba moja. Meno yake ni meupe mpaka leo, kwa sababu enameli yake ilikamilika kabla hajaonja maji ya kwetu. Niliyataka kuyasema haya pale kwenye kiti, lakini mdomo ulikuwa umejaa pamba.

Akaniahidi doa litatoka lote. Akapaka dawa. Ile kinga inayowekwa juu ya ufizi ili dawa isiuguse aliiweka kwa haraka, ikaacha upenyo, na ncha ya ufizi kati ya meno mawili ya mbele ikaanza kuwaka moto. Nikanyoosha mkono kama nilivyoagizwa. "Vumilia, dada yangu, urembo una gharama." Nilipojitazama kwenye kioo, ufizi pale ulikuwa mweupe kabisa, umeungua. Meno yalikufa ganzi siku kadhaa, maji ya bomba tu yalikuwa mateso, maana dawa ile inapenya enameli na dentini, tabaka lililo chini yake, mpaka kwenye kiini chenye mishipa ya fahamu. Na kahawia ipo. Sehemu zisizo na madoa zimekuwa nyeupe zaidi, kwa hiyo madoa sasa yanaonekana kuliko nilivyokwenda.

Nilipanda Arusha baadaye, nikamwona daktari mwingine. Swali lake la kwanza, kabla hata sijafungua mdomo: "Umekulia upande gani?" Nusura nilie. Akanieleza kuna njia ya kusugua tabaka jembamba sana la juu kwa dawa maalumu, na kwa madoa yaliyozama kuna kulifunika jino kwa kigae chembamba. Akaniambia na bei, na kipi kisingenisaidia.

Nilikusudia kuwapa nyota tatu, kwa ajili ya yule dada wa kusafisha. Nikasema pia huenda kijana hakufundishwa, tumsamehe. Lakini daktari mkuu alikuwa chumba cha pili, ndiye aliyeandika ning'arishwe, na aliyaona meno yangu. Yeye alisoma. Kwa nini alikubali pesa yangu? Basi ni nyota moja, na hiyo ni ya yule dada, apewe yeye kwa jina lake.

Wanaotoka Arumeru, Hai na kwingine kwenye maji kama yetu, kusafishwa nendeni, kung'arishwa hapo msikubali. Nanyi wenye kliniki, pesa ya kusafisha kaeni nayo, mliifanyia kazi. Ya kung'arisha naitaka, na risiti ninayo.