Nimekaa mwaka mzima na bei ya umeme na gesi iliyofiksiwa hapa Uingereza, uzoefu wangu

Watu wengi wananiuliza nifiksi au nisifiksi (yaani kufunga bei isibadilike mpaka mkataba uishe), sa nimeona bora niandike yote hapa maana mkataba wangu wa miezi 12 umeisha Agosti 2025 na hesabu zote ninazo.

Kwanza mjue nilishawahi kuumia. 2021 nilikua nimefiksi bei nzuri sana na kampuni ndogo, nikajua nimemaliza, kumbe gesi imepanda dunia nzima na kampuni zaidi ya 25 zikaanguka ndani ya muda mfupi, yangu ikiwemo. Ofgem, wale wanaosimamia kampuni za umeme na gesi hapa, wakatuhamishia kampuni nyingine, umeme haukukatika hata dakika na hela niliyokua nimelipa zaidi haikupotea, ila ile bei yangu ndo ikafa hapohapo nikaanza kulipa bei ya kawaida. Kwahiyo ukifiksi, ahadi inaishi kama kampuni inaishi.

Alafu Agosti 2022 Ofgem wakatangaza kikomo cha bei (bei ya juu kabisa kampuni inaruhusiwa kumtoza ambaye hajafiksi) kinaenda pauni 3,549 kwa mwaka kwa nyumba ya matumizi ya wastani. Jamani ule usiku sikulala. Nilishapiga simu nifiksi bei yoyote watakayonipa, laini ikawa bize nikaacha, na Septemba serikali ikaingilia ikashusha mpaka 2,500. Tangu hapo sifanyi maamuzi siku ya tangazo, nangoja moyo utulie.

Tuje kwenye huu wa juzi. Agosti 2024 kikomo kilikua 1,568, wastani wa peni 22.36 kwa yuniti (kWh) ya umeme na 5.48 ya gesi. Mimi nikapewa fiksi ya peni 23.1 na 5.7, yaani JUU kidogo ya niliyokua nalipa. Hapa ndo wengi wanakimbia, wanaona kwanini nilipe zaidi leo. Lakini kikomo kinabadilika kila miezi 3, usilinganishe na bei ya leo, linganisha na ya baridi inayokuja maana gesi nyingi unaichoma wakati huo. Nikasaini.

Oktoba kikapanda 1,717, Januari 1,738, Aprili 1,849 na umeme ukafika peni 27.03. Mimi bado nipo 23.1. Nimepiga hesabu yuniti kwa yuniti, nyumba yangu ni ndogo, natumia kama 1,900 za umeme na 7,000 za gesi kwa mwaka, nimeokoa kama pauni 75. Sio hela ya kununulia kiwanja, ila kilichonifurahisha zaidi ni kwamba Januari mtoto alipougua kifua niliwasha hita usiku kucha bila kuwaza bei itabadilika.

Sasa kilichoniudhi, na hapa naomba msome vizuri. Novemba napata ujumbe makato yangu ya benki yanatoka pauni 98 kwenda 131. Nikawapigia nimepandwa na hasira, si mlisema bei haibadiliki? Dada wa kwenye simu akanieleza kilichofiksiwa ni bei ya yuniti na ile ada ya kila siku, sio bili, ukitumia zaidi unalipa zaidi. Sawa, lakini mimi sijatumia zaidi! Nikaenda kwenye kabati la mlangoni na tochi ya simu, nikafuta vumbi kwenye kioo cha mita ya gesi, inasoma 3102. Kwenye bili yao wameandika 3214, wamekadiria tu. Tofauti ya 112, na hizo ni mita za ujazo, kila moja ni kama yuniti 11, kwahiyo walikua wananidai yuniti zaidi ya 1,200 ambazo sijawahi kuzichoma. Nikawatumia picha, ilichukua wiki tatu na simu nne ndo wakarudisha makato kwenye 101. Wiki tatu kwa kosa lao wenyewe, hilo siwasamehi, na kuna mama mtu mzima huko analipa tu sababu hajui kusoma mita.

Kingine faini. Kwangu ilikua pauni 50 kwa umeme na 50 kwa gesi ukitoka kabla ya muda, ila siku 49 za mwisho unaruhusiwa kuondoka bure, na ukizembea mkataba ukaisha wanakurudisha bei ya kupanda na kushuka. Mimi niliweka alamu kwenye simu siku ileile niliyosaini.

Kama hela yako ni ya mwezi kwa mwezi na bili ikiruka unakopa, mimi nasema fiksi, hata kama yuniti imezidi bei ya leo kwa peni moja. Kama una akiba na unaweza kuvumilia ikipanda, unaweza kungoja, bei nayo huwa inashuka, Julai 2025 kikomo kilirudi 1,720.

Mimi nimefiksi tena miezi 12, kampuni nyingine, safari hii nimechagua isiyo na faini ya kutoka na yuniti yake iko juu kidogo nikakubali. Picha za mita zote mbili nimepiga siku ya kwanza.